Sahani Yetu na Viumbe Tusiowala

Redio ndiyo iliyoanzisha. Tulikuwa watu watano kwenye benchi la mama lishe mmoja nyuma ya soko la Majengo, hapa Dodoma, saa saba mchana, mtangazaji akasema chakula cha binadamu ni moja ya sababu kubwa za wanyama na mimea kutoweka duniani. Dereva wa bajaji, wali nyama mbele yake, akaguna: "Hao wanataka tuache nyama tu." Mzee aliyekaa pembeni yake akasema babu zake walikula swala maisha yao yote na swala hawakuisha. Kijana wa duka la simu akauliza kama na panzi wanahesabiwa. Kisha mama mwenyewe, mwiko mkononi, akanigeukia mimi kwa kuwa anajua naandika habari za mazingira: "Sasa mwanangu, mimi hapa nasonga ugali na kupika mlenda. Nimemuua nani?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye warsha, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile kabla chakula hakijapoa.

Tuanze na maneno mawili. Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe hai: miti, majani, ndege, samaki, wadudu (panzi wamo), hadi vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Ndani yake zimo pia tofauti zilizo ndani ya aina moja, kama mtama mwekundu na mweupe, au kuku wa kienyeji wa Singida na kuku wa kisasa wa wiki nne. Kutoweka nako kuna daraja mbili, na hapa ndipo wengi huchanganya. Mnyama akiisha Bahi lakini bado yupo Ruaha, ametoweka Bahi. Akiisha kote, basi, hakuna wa kumrudisha. Mzee wetu ana haki kusema swala wapo. Wapo, ila aende akawatafute pale babu yake alipowawinda.

Na aina moja ikiisha, kuna hasara gani? Aliyelala kwenye tembe ataelewa haraka. Paa la tembe ni udongo mzito uliolazwa juu ya fito na boriti, na boriti zimebebwa na nguzo nyingi. Ukiing'oa nguzo moja, paa halianguki. Utalala na kuamka ukidhani nguzo ile ilikuwa ya ziada. Utang'oa ya pili, na ya tatu, na bado utalala. Siku mvua kubwa ikinyesha, udongo ukanywa maji ukawa mzito, ndipo utakapojua ni nguzo ipi ilikuwa imebeba nini. Nyuki ni nguzo ya namna hiyo. Zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, wadudu na wanyama wengine wanaobeba chavua. Alizeti ya Singida na Dodoma ni mojawapo. Shamba lililozungukwa na kichaka chenye mizinga hujaza vichwa vizuri kuliko lililofyekwa mpaka upeo wa macho, na wakulima wengi wanalijua hilo bila kuambiwa na mtafiti.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES, lilitoa ripoti iliyosema takribani aina milioni 1 za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kutoweka. Sababu ya kwanza kwa viumbe wa nchi kavu haikuwa bunduki wala moshi wa viwanda. Ilikuwa ni namna tunavyobadili matumizi ya ardhi, yaani pori kugeuzwa shamba au malisho. Zaidi ya theluthi moja ya uso wa nchi kavu sasa inatumika kwa mazao na mifugo.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuiweka sawa ni hii, kwamba kiumbe hufa kwa kuliwa. Wapo waliokufa hivyo. Kule bahari za kaskazini, karibu na Urusi, mwaka 1741 mabaharia walimkuta mnyama mkubwa wa majini, ndugu wa nguva, mpole, mwenye nyama na mafuta mengi. Kufikia mwaka 1768, miaka 27 tu baadaye, alikuwa ameliwa akaisha duniani. Marekani nako kulikuwa na njiwa wa porini waliosafiri kwa makundi ya kufunika jua. Wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914, baada ya wenzake kuwindwa kwa ajili ya soko na misitu yao kukatwa. Lakini wengi wanaopotea leo hakuna aliyewaonja. Hupotea kwa sababu mahali walipokuwa wakiishi panalimwa kitu tunachokula.

Mizani inasema zaidi. Mwaka 2018 watafiti walikadiria uzito wa mamalia wote waliopo duniani. Tuseme uzito huo wote ungekuwa kilo 100 kwenye mizani ya pale sokoni. Kilo 60 ni mifugo yetu, kilo 36 ni sisi wenyewe. Nyangumi, tembo, nyati, swala, popo, panya wa porini, wote kwa pamoja, ni kilo 4. Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeigeuza.

Anayetaka kuona sahani ya mbali ikifyeka pori la karibu asiende mbali. Aende Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua karanga zilimwe Tanganyika, na hapa Kongwa kazi ikaanza mwaka 1947. Mpango wa awali ulitaja ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati. Yakaletwa matrekta yaliyotumika, mengine yaliyoundwa upya kutoka kwenye vifaru vya vita, kwenda kung'oa mikungugu na mibuyu. Mibuyu ilivunja mashine. Miiba na visiki vilivunja majembe. Udongo wa mfinyanzi, mvua ikikatika, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, karanga zikabaki chini hazing'oleki. Mvua yenyewe haikusoma mpango wa London. Mapema mwaka 1951 mradi ukafutwa, na takribani pauni milioni 36 zikawa zimekwenda.

Watu husimulia kisa cha Kongwa kama kisa cha fedha zilizopotea. Mimi huwa nawafikiria ndege na nyuki wa vichaka vile. Yule mama wa London aliyetaka kupaka siagi ya mimea kwenye mkate wa mwanawe hakuwa na ubaya na ndege yeyote wa Ugogo. Hakujua hata kama wapo. Hivyo ndivyo uhusiano huu unavyofanya kazi, na ndiyo maana ni mgumu kuuona: anayekula yuko huku, kinachokufa kiko kule.

Siku hizi sisi nasi ni mama wa London. Sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia tunayoagiza nchini ni mawese, na zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia. Huko, misitu ya visiwa vya Borneo na Sumatra ndiyo makazi pekee ya orangutan, sokwe mwekundu, na aina zake zote 3 zimo kwenye daraja la juu kabisa la hatari kabla ya kutoweka porini. Usikimbilie kusema basi mawese yapigwe marufuku. Ekari ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko ekari ya alizeti. Dunia ikiacha mawese ghafla na kiasi kilekile cha mafuta kikatafutwa kwenye zao jingine, ardhi itakayofyekwa itaongezeka. Ubaya upo kwenye msitu wa zamani unaochomwa ili kupanda michikichi mipya, wakati kuna mashamba yaliyochoka yangeweza kupandwa upya.

Sasa turudi kwa mama na ugali wake. Ugali wake ni wa sembe. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, katika msimu mmoja, na mara nyingi kuna wiki mbili tatu za jua kali katikati. Mahindi, ambayo asili yake ni Mexico, yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele yamekwisha. Mtama na uwele ni mazao yaliyozaliwa katika ukame wa Afrika hii hii. Jua likizidi, mtama husimama, hukunja majani, husubiri. Mvua ikirudi nao huendelea. Mkulima wa mahindi aliyepata magunia mawili pale alipotarajia kumi anafanya nini mwaka unaofuata? Anafungua kichaka kingine, akitumaini ardhi mpya itamlipa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwa mkoa wetu, na halisemwi vya kutosha. Kila mwaka mahindi yanaposhindwa kwenye ardhi isiyo yake, kichaka ndicho kinacholipa deni. Upande wa Manyoni, vichaka vya Itigi, msitu mfupi uliosongamana ambao haupo popote duniani isipokuwa hapa kati na sehemu ndogo ya Zambia, vimekuwa vikipungua hivyo hivyo, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mashamba na kuni.

Lakini nisimwonee mkulima. Aliyeacha mtama alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ina mabawa. Kwelea kwelea ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Fanya hesabu: kundi la ndege milioni 1, ambalo kwake si kundi kubwa, linamaliza tani 10 kwa siku. Hindi limevaa maganda. Suke la mtama liko uchi. Zamani watoto walikwenda kuamia ndege, wakisimama juu ya dungu na kombeo tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Leo watoto wako shuleni, na ndipo wanapopaswa kuwa. Mama mmoja wa upande wa Chamwino aliwahi kunionesha shamba lake la uwele lililobaki mabua, akakwangua suke moja kwa kidole gumba. Zilitoka punje nne. "Hizi ndizo walizozisahau," akasema.

Serikali hupeleka ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo ya kwelea. Inasaidia, na wakulima huishukuru. Lakini sumu inayotumika sana, fenthioni, haichagui. Bundi, mwewe na tai wanaookota kwelea waliolegea hufa nao. Basi angalia maajabu haya: katika kutetea chakula kinachofaa ardhi yetu, tunaua ndege wanaokula panya wa shambani mwetu. Kondoa wana njia nyingine ya zamani. Huwatega kwelea kwa vikapu na nyavu, huwachemsha au kuwakaanga, na kuwauza. Watafiti wamekuwa wakiifuatilia njia hiyo kwa sababu inapunguza kwelea bila kumwaga sumu na inaleta nyama mezani. Haitamaliza kundi zima, na nyavu nazo zinaweza kunasa ndege wengine. Hata hivyo, hapa kuna mahali ambapo kula ndege wa porini ni afadhali kuliko kutomla, na anayesema nyama yoyote ya porini ni dhambi hajafika Kondoa.

Kuna hasara nyingine katika kuuacha mtama, nayo ni ya kimya. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, linasema binadamu amewahi kulima aina 6,000 hivi za mimea kwa chakula. Leo zinazobeba uzito ni chini ya 200, na 9 tu hutoa karibu theluthi mbili ya mavuno yote duniani. Mbegu isiyopandwa haikai ghalani milele, hufa. Bibi akiacha kupanda uwele wake, hakuna duka litakalomuuzia mjukuu wake mbegu ileile. Tunazo mbegu bora zilizotoka kwa watafiti, kama Macia na Tegemeo za mtama na Okoa ya uwele, nami nazisifu, lakini watafiti huzitengeneza kwa kuchanganya mbegu za akina bibi. Zile zikiisha, kuna siku watakosa cha kuchanganya.

Na mlenda? Hapo mama amefanya vizuri, sana. Ilende humea yenyewe pembeni mwa shamba mvua zikianza. Haitaki mbolea, haitaki ekari mpya. Huchumwa, huanikwa, husagwa, na kiangazi chote mboga ipo. Mboga ya namna hii humpa mtu sababu ya kuacha ukingo wa shamba bila kuufyeka, na ukingo huo ndio nyumba ya nyuki, kinyonga na kware.

Nisiseme lakini kwamba kila cha asili ni salama. Kule Nyanda za Juu Kusini huchimbwa viazi vya okidi, mimea ya maua ya porini, na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi umeua mmea. Biashara hiyo ilipokua, mamilioni ya viazi yalikuwa yakivuka mpaka kila mwaka, na ni moja ya sababu uwanda wa Kitulo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kumbe mboga ya majani hukatwa ikachipua tena, na mzizi ukishang'oka umekwenda.

Dereva wa bajaji bado anasubiri jibu la nyama yake. Kwa dunia nzima, mifugo pamoja na mashamba ya kulisha mifugo huchukua zaidi ya robo tatu ya ardhi ya kilimo, na hutoa chini ya moja ya tano ya nishati ya chakula tunachokula. Kule Amazon, msitu umekatwa zaidi kwa ajili ya malisho ya ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Hilo ni kweli. Lakini ng'ombe anayechomwa Jumamosi pale mnada wa Msalato hakulishwa soya ya Brazil. Alikula nyasi ambazo wewe na mimi hatuwezi kuzila, kwenye ardhi ambayo mara nyingi isingetoa hata debe la mahindi. Pori la malisho, likichungwa kwa kuhamahama na kupumzishwa, hubaki na miti, ndege na swala. Likilimwa, halibaki na kitu. Ndiyo maana sioni busara ya kumwambia Mmasai au Mgogo maneno yaleyale anayoambiwa mtu anayekula nyama mara mbili kwa siku huko Texas.

Idadi ikizidi, hata hapa kwetu nyasi hushindwa. Kondoa ilikuwa na makorongo ya kumeza nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika vibaya, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, na leo ukipita Kondoa utaona kijani juu ya makovu ya makorongo. Baadaye ng'ombe wachache wa kufungiwa bandani waliruhusiwa. Lakini familia zilipoteza maziwa kwa miaka, na ng'ombe waliohamishwa hawakuyeyuka. Walikwenda kula pori la mtu mwingine. Tukihesabu faida ya Kondoa, na pori lile lihesabiwe.

Samaki nao wana hesabu yao. Sangara, anayefika hapa akiwa kwenye barafu kutoka Mwanza, alipandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Aliwala furu, na sisemi furu tunda la porini, nasema visamaki vidogo vya rangi rangi. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilipotea, kwa sababu yake na kwa sababu ya maji kuchafuka. Sangara amewapa watu ajira na vitoweo, nami namla. Nikimla najua kilichokuwa ziwani kabla yake.

Mwishoni kuna moto na ghala, vitu ambavyo hatuvihesabu kuwa chakula. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa mkaa kidogo kuliko yaliyotupwa sufuriani makavu, na kila gunia la mkaa ni miti. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ghalani nako, gunia lililoliwa na dumuzi au kuoza kwa kuvu ni kichaka kilichofyekwa bure, tena kuvu yenyewe huua: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Kihenge kizuri cha chuma kinaokoa watu na pori kwa pamoja.

Nilirudi kwa mama juzi nikamsimulia haya, kwa ufupi kuliko hapa. Alisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akainama chini ya meza akatoa kopo la unga wa kijivu, akalifungua, akaninusisha. Uwele. Anao, ila huupika mtu akiagiza, kwa sababu akiupika bila oda unalala, na yeye hawezi kupika hasara.

"Mwanangu, wewe unaandika," akasema. "Mimi niletee sahani nne za uhakika kila Jumatano, nitausonga. Na nitamwambia yule anayeniletea kutoka Mvumi alime."

Mzee akasema yeye ni wa kwanza, hata asiulizwe. Mimi wa pili. Dereva wa bajaji akasema atakula akipewa na nyama, mama akamwambia nyama ipo. Tumebakiza mmoja.